Barua Iliyongoja Tiki Nyekundu

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumatatu, nilimkabidhi Mwalimu barua ya ukurasa mmoja. Dakika naijua kwa sababu niliiandika kwenye daftari nikiwa bado nimesimama barazani kwake. Kiwanda cha chai kilikuwa kinafunga vitabu vya mwaka Ijumaa ya wiki hiyo, saa kumi jioni. Lalamiko lolote kuhusu kilo lilitakiwa kufika kabla ya hapo, maana bonasi ya mwisho wa mwaka ikishapigwa hesabu haigeuzwi tena. Barua ilikuwa na sentensi kumi na nne, na nilikuwa na siku tano za kazi. Nilidhani muda unatosha.

Mwalimu alivaa miwani, akaishika karatasi kwa ncha za vidole kama anayeshika panya kwa mkia.

"Umeandika wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, Mwalimu."

"Mwanafunzi wa Gazeti," akasema, akacheka kwa pua. "Haya. Tutaona imepinda wapi."

Jina hilo alinipa zamani. Mimi niliacha shule darasa la saba, na Kiingereza nilijifunza kwenye magazeti ambayo bucha wa soko la Silibwet alifungia nyama, baadaye kwenye kamusi isiyo na jalada. Mwalimu hakuwahi kunifundisha hata siku moja. Nilikuja kuelewa kwamba hilo ndilo kosa langu kubwa machoni pake.

Shida yenyewe ilikuwa ndogo na ya wazi. Kwenye kituo chetu cha kununulia majani, karani alizoea kutoa kilo moja kwa kila mfuko, kwa sababu ya uzito wa mfuko wenyewe. Hiyo ilikuwa haki wakati wa mizani ya kuning'iniza. Kisha ikaja mashine mpya, ambayo inatoa uzito wa mfuko yenyewe kabla haijaonyesha namba. Karani aliendelea kutoa kilo yake kwa mazoea. Kwa hiyo kila mfuko ulitolewa kilo mara mbili, kwa wiki kumi na mbili, kwa wakulima arobaini na mmoja. Aliyegundua kwanza ni jirani yangu, Mama Cheptoo, mjane mwenye chai nusu ekari.

"Mimi nimebeba watoto sita na mizigo ya kuni miaka yote," aliniambia. "Mgongo yangu haiwezi danganywa. Hii mfuko si kumi na mbili. Ni kumi na tatu."

Tulipima nyumbani majani peke yake, bila mfuko, kwa mizani ya jirani anayeuza viazi. Ilikuwa kumi na tatu. Mama Cheptoo alikuwa na binti katika chuo cha uuguzi, na chuo kilikuwa kimesema bila kulipa salio la karo hafanyi mtihani. Kilo zake zilizopotea zingetosha salio na nauli. Kwa hiyo niliandika barua.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini barua ya wakulima wa chai ipitie kwa mwalimu aliyestaafu. Jibu ni kwamba hapa kwetu hakuna barua inayosainiwa kabla Mwalimu hajaweka tiki nyekundu kwenye kona ya juu, upande wa kulia. Wasipoiona tiki, watu wanarudisha kalamu mfukoni. Barua isiyopita kwa Mwalimu, wanasema, ni kama mursik, maziwa yetu ya mgando, bila mkaa: itanyweka, lakini nani ataiheshimu?

Desturi hii ilianza na daraja. Zamani wazee waliandika kuomba daraja la mto wetu, barua ikakaa bila majibu. Mwalimu akaiandika upya, akapanga maneno yake, na daraja likajengwa. Tangu siku hiyo ikawa imani kwamba ofisi za Serikali, benki, kiwanda na hata hospitali husikia Kiingereza kilichonyooka tu, na kwamba kunyoosha ni kazi ya mtu mmoja. Mimi nilikuwa kijana wakati ule. Vigingi vya wapimaji viliwekwa kando ya mto miezi miwili kabla ya barua ya Mwalimu. Niliviona, na kimoja nilijikwaa nacho. Nimewaeleza watu jambo hili mara nyingi, na kila mara wananitazama kama mtu anayekanusha mvua akiwa amelowa.

Sasa nieleze ugonjwa wake. Katika Kiingereza chote, lugha yenye mitego isiyohesabika, Mwalimu alikuwa amechagua mtego mmoja akajenga kibanda juu yake. Mwingereza akiuliza ng'ombe yuko wapi, husema "Where is the cow?" Lakini swali hilo likiingia ndani ya sentensi nyingine, maneno yanabadilishana nafasi: "I want to know where the cow is." Ni hivyo tu. Kiswahili hakina taabu hii. Ng'ombe yuko wapi, na nataka kujua ng'ombe yuko wapi. Maneno hayasogei hata ng'ombe akisogea. Watu wetu, ambao Kiingereza ni lugha yao ya tatu, hulibeba swali lilivyo na kulitia ndani ya sentensi, na wanaeleweka na kila mtu duniani isipokuwa mtu mmoja wa mteremko wetu.

"Swali likiingia ndani ya sentensi," Mwalimu alipenda kusema, "ni mgeni ameingia nyumba ya wenyewe. Avue kofia." Alisema hivyo darasani kwa miaka thelathini na minane, na alipostaafu akaendelea kusema hivyo dukani, kanisani na kwenye foleni ya kuogesha ng'ombe kwenye dipu. Ni mfano mzuri, sikatai. Lakini mtu mwenye mfano mmoja mzuri ni kama mtu mwenye shati moja zuri: baada ya wiki unaanza kumkwepa.

Mzee Rono alipoteza ng'ombe wake wa madoa. Alifuata nyayo mpaka kwenye lango la Mwalimu, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameketi barazani na alikuwa amewaona watu wawili wakimswaga ng'ombe yule kuelekea barabara kuu. Mzee Rono, kwa heshima, akajaribu Kiingereza: "Mwalimu, do you know where is my cow?"

"Rudia," Mwalimu akamwambia.

"Where is my cow, Mwalimu? Ile ya madoa!"

"Hapo umeuliza vizuri, lakini ulianza na 'do you know'. Mgeni ameingia nyumbani. Kofia iko wapi?"

"Kofia? Mwalimu, ni ng'ombe!"

Nimeuliza watu wawili waliokuwepo, kila mmoja peke yake, na wanakubaliana kwamba somo lilichukua karibu robo saa. Mzee Rono alipoipata sentensi, Mwalimu alimpongeza kwa kumshika mkono, akamwonyesha njia. Ng'ombe alionekana siku mbili baadaye kwenye soko la Sigor, akiwa na alama mpya sikioni na mmiliki mpya aliyekuwa na risiti. Mzee Rono mpaka leo anaitamka sentensi ile bila kosa. Ni sentensi ya gharama kuliko zote anazozijua.

Kwenye mazishi ilikuwa mbaya zaidi. Binti mmoja alisimama kando ya jeneza la baba yake akasoma kwa Kiingereza kutoka kwenye karatasi kwamba baba hakuwahi kuwaambia anaugua nini. Mgeni wake hakuvua kofia. Kutoka kwenye viti vya mbele tukasikia kikohozi, halafu sauti ya Mwalimu, taratibu, ikimpa mpangilio sahihi. Binti akarudia kama alivyoambiwa. Pasta akatazama viatu vyake. Nilimtazama Mwalimu nikitarajia kuona aibu, nikaona utulivu wa mtu aliyeokota kipande cha kioo njiani ili kisimkate mtoto. Aliamini kabisa kwamba amemsaidia marehemu.

Ningemvumilia zaidi kama angekuwa mwizi. Mwizi anachukua chake anakuachia njia. Mwalimu hakupokea chochote: si kuku, si yai, si soda. Mama mmoja alimletea mkungu wa ndizi baada ya barua ya kuomba basari, msaada wa karo, na Mwalimu akaurudisha mwenyewe jioni ile, akiwa ameubeba begani kwenye mvua, na barua akairudisha pia, ikiwa na maneno kumi na mawili yaliyozungushiwa wino. Kwa sababu hakulipwa, hukuweza kumharakisha. Kwa sababu hakuiba, hukuweza kumshtaki. Nimefikiri sana juu ya watu wa namna hii, na naona madhara yao hayana mahali pa kupelekwa.

Na alikuwa na jambo jingine ambalo sikuwahi kulipatanisha na yale mengine. Asubuhi, akimkamua ng'ombe wake, alizungumza naye Kipsigis, lugha yetu ya nyumbani. Si amri tu. Alimweleza habari za usiku, akamuuliza ameamkaje, akamwimbia kwa sauti ndogo nyimbo ambazo bibi zetu waliimba. Mimi nilipita na kopo langu la maziwa nikasimama nyuma ya ua kusikiliza. Lugha ilimtoka kama maji ya chemchemi, bila kusimama, bila kujisahihisha. Siku moja nilimuuliza kwa nini na ng'ombe hatumii Kiingereza.

"Ng'ombe hana ofisi," alinijibu.

Lakini mtu akimsalimu "Chamgei" njiani, alijibu "Good morning," au "Good afternoon" kama ilikuwa imepita saa sita mchana, kisha akamngoja mtu aanze upya kwa Kiingereza.

Basi Jumanne nilirudi. Barua ilikuwa mezani, chini ya kopo la kalamu. Bado. Jumatano alinisimulia kisa cha ng'ombe wa Mzee Rono kana kwamba mimi sikuwa hapa wakati ule, na alicheka mwisho wake, mwisho ambao yeye alidhani ni wa furaha. Bado. Alhamisi asubuhi nilimkuta akiwa ameinamia karatasi, pua karibu iguse wino, kalamu nyekundu imefunguliwa.

"Mwalimu," nikasema, "nilitaka kujua kama barua imekwisha."

"Sema kwa Kiingereza."

Nikasema: "I would like to know whether the letter is ready."

Nilitarajia apongeze. Uso wake ulikunjamana kama mtu aliyeuma ndimu. Alifunika kalamu, akaigeuza barua kifudifudi.

"Rudi kesho."

Sikulielewa jambo hilo wakati ule. Nilidhani ni kiburi cha kawaida.

Mchana nilizunguka nyumba kwa nyumba na nakala niliyokuwa nimeiandika kwa mkono, maana mimi huwa na nakala ya kila kitu. Niliwaomba watu wasaini hiyo.

"Tiki iko wapi?" akauliza Mzee Rono.

"Mzee, wewe mwenyewe ulipoteza ng'ombe kwa sababu ya huyo mwenye tiki."

"Ng'ombe ni yangu. Hii ni ya watu wote. Unataka watucheke kiwandani? Waseme watu wa huku wamepeleka Kiingereza ya gazeti?"

Hata Mama Cheptoo alikunja mikono. "Si kwamba sikuamini, baba. Lakini hii kitu ni ya mtihani ya mtoto. Ngoja Mwalimu aweke. Kesho si iko?"

Ijumaa nilifika kwake saa tatu asubuhi na nikakaa. Nilikaa saa tatu, saa nne, saa tano. Alisoma. Alisoma kwa sauti ya chini, alisoma kutoka chini kwenda juu, alisoma huku amefunika nusu ya mstari kwa rula. Barua ilikuwa na maswali matano yaliyoingia ndani ya sentensi: kwa nini kilo inatolewa mara mbili, nani aliruhusu, ilianza lini, lini itasimama, na zile zilizopita zitarudishwa vipi. Alikuwa akiyapitia hayo matano kama polisi anayepekua gari moja mara ya tano. Saa nane mkewe alileta chai, ikapoa. Saa tisa na nusu nikamwambia bodaboda inangoja kwenye lango.

"Kuna kitu hapa," alisema. "Nakisikia."

"Kitu gani, Mwalimu?"

"Kingekuwa kinajulikana ningekuwa nimekizungushia."

"Saa kumi wanafunga."

"Kiingereza hakifungwi saa kumi."

Saa kumi ilipita nikiwa nimeketi kwenye kiti chake cha plastiki. Nina haki ya kumdharau Mwalimu, lakini hesabu iwe kamili: nilikuwa na miguu miwili, nakala mfukoni na nauli. Hakuna aliyenifunga kamba. Mimi niliyeviona vigingi vya daraja nilingoja tiki nyekundu sawa na wale ambao hawakuviona.

Jumatatu nilikwenda kiwandani na nakala isiyo na saini hata moja. Karani wa malalamiko alikuwa Mkisii aliyekulia hapahapa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa estate, shamba kubwa la chai. Aliisoma barua kwa nusu dakika.

"Hii imeandikwa poa sana," alisema. "Nani amekuandikia?"

"Niliandika mwenyewe."

"Sasa mbona unaleta leo? Vitabu ilifungwa Ijumaa."

Nikamweleza kuhusu saini na kuhusu Mwalimu. Alinisikiliza mdomo wazi. Kisha akavuta droo, akatoa fomu ndogo ya kijani, ukubwa wa kiganja. Ilikuwa na nafasi tatu tu: namba ya mkulima, mwezi, kilo.

"Mzee wangu, ni hii tu. Ungekuja Ijumaa uniambie kwa mdomo, Kiswahili, hata Kipsigis naelewa, ningejaza hapa mbele yako. Kwani mlifikiri hapa tunasahihisha composition?"

Alipiga simu kituoni. Siku hiyohiyo karani wetu akaacha kutoa kilo ya pili, na kutoka hapo mizani ikawa ya haki. Lakini zile wiki kumi na mbili zilikuwa zimeingia kwenye bonasi, na bonasi haigeuzwi. Binti ya Mama Cheptoo hakufanya mtihani muhula ule. Aliufanya mwaka uliofuata, baada ya mama yake kuuza ndama. Mama Cheptoo hakumlaumu Mwalimu. Alisema pengine kweli barua ilikuwa na kosa, na heri halikuonekana na wazungu. Nilimkumbusha kwamba kiwandani hakuna mzungu. Akasema mimi najua anachomaanisha.

Watu wa mteremko wetu bado wanapeleka barua kwa Mwalimu. Nilifikiri wangeacha. Badala yake walinilaumu mimi, kwamba nilimpelekea kazi siku tano tu kabla ya mwisho, kama mtu anayempelekea fundi kitambaa asubuhi ya harusi.

Miaka miwili sikuingia kwake. Tulipokutana njiani niliinua kofia, na nilifurahi kidogo kwamba ni mimi niliyeivua. Kisha mwaka huu, baada ya mavuno ya mahindi, mkewe alikuja akaniambia Mwalimu ananiita.

Nilimkuta barazani kwenye kiti kilekile. Macho yalikuwa na ukungu mweupe, yote mawili. Aliugeuza uso kuelekea nyayo zangu.

"Ni wewe, Mwanafunzi wa Gazeti?"

"Ni mimi, Mwalimu."

Alikuwa na bahasha mapajani. Aliitoa barua yangu kwa ncha za vidole, kama siku ile. Niliipokea nikaitazama mbele na nyuma. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo, na pembeni ilikuwa na duara la kikombe. Wino mwekundu haukuwepo popote. Hata nukta.

"Hukuandika kitu," nikasema.

"Niliisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyopewa. Wageni wote watano walikuwa wamevua kofia."

"Ulijua lini?"

"Jumatatu. Kabla hujafika kwenye lango ukitoka."

Nilihesabu kimyakimya: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa.

"Basi ungeweka tiki."

"Miaka yote ile," alisema, "sijawahi kurudisha karatasi bila kuandika neno. Hata ya mwanangu. Na wewe sikukufundisha. Nilijiambia kosa liko, macho ndiyo hayalioni. Macho yalikuwa yameanza kufifia. Nikafikiri, nikingoja mwanga mzuri litaonekana."

Huruma ilikuja, nikaitazama kama mtu anayetazama mgeni ambaye hajaalikwa, na sikuikaribisha. Nilimfikiria binti wa mazishi na karatasi yake. Mtu huyu aliwasahihisha watu wote wa mteremko kwa sauti, hadharani, makaburini, na siku ya kusema neno moja, kwamba hapa pamenyooka, alifunika kalamu.

"Nipe," akasema, akinyoosha mkono. Kalamu nyekundu alikuwa nayo mfukoni mwa shati. Nilimpa barua juu ya kitabu. Akapapasa kona ya juu kwa kidole gumba, akaipata, upande wa kulia, akaweka tiki. Ilikuwa tiki nzuri, yenye mkia mrefu.

"Sasa inaweza kwenda," alisema.

Kutoka zizini ng'ombe wake alilia, naye akamwitikia kwa Kipsigis, kwa upole, kana kwamba mimi nimeshaondoka. Nikaondoka.

Nyumbani niliweka barua kwenye faili yake. Kabla ya kufunga niliigeuza, na nyuma ya ile tiki nikaandika kwa penseli bei yake, kilo zilizopotea kwenye mifuko yote ya wakulima arobaini na mmoja, malipo ya mwezi na bonasi pamoja: shilingi laki moja, arobaini na tatu elfu na mia moja.